Maswali ya Wasomaji: Utafiti Umeshasema, Benchi la Kliniki Linasubiri

Barua za mwezi huu kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya jirani zimekuja na sauti tofauti, lakini nyingi zinagusa jambo moja: mambo yanayojulikana kuhusu watoto wenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema, ukashindwa kuongoza mwili vizuri) na miguu kifundo (nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa) bado hayajafika kwenye meza ya kliniki wala kwenye mkeka wa nyumbani. Tumechagua barua sita.

*Ndugu wataalamu, habari za kazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya, mkoani Kilimanjaro. Nilihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu tafiti za mtindio wa ubongo. Jumanne iliyofuata nikakuta watoto ishirini na wawili kwenye benchi, na kufika saa nne nilikuwa nawanyoosha miguu mmoja mmoja kama miaka yote. Nianzie wapi?*

Ndugu yetu, anza kwa kuacha. Siku yako haina nafasi ya jambo jipya mpaka la zamani liondoke.

Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walipanga ushahidi wa tiba 64 za mtindio wa ubongo kwa rangi za taa za barabarani: kijani fanya, njano fanya kwa tahadhari ukipima, nyekundu acha. Mwaka 2020 wakarudia kazi hiyo kwa upana zaidi. Kunyoosha misuli kwa mikono, mtoto amelala kimya, kama tiba pekee, hakumo katika kijani. Sababu yake inaeleweka: msuli uliovutwa kwa dakika moja hurudi ulivyokuwa kabla mama hajafika stendi. Urefu wa msuli hupatikana kwa kuuweka katika mvuto kwa saa nyingi, ndiyo maana hogo (plasta ngumu) la mfululizo linalobadilishwa kila wiki huongeza mkunjo wa kifundo cha mguu na mkono wako hauongezi. Tena kunyooshwa hakumfundishi mtoto kitu. Ubongo hujifunza tendo ambalo mtoto mwenyewe amelitaka, amelijaribu, akalikosea na kulirudia.

Kwa hiyo dakika zile kumi za kunyoosha zigeuze hivi. Muulize mzazi: "Katika siku yenu, kitu gani kinawasumbua zaidi wewe na mtoto?" Kisha nyamaza. Mzazi wa kwanza atasema "nataka atembee", kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi ya hapo. Msikilize, halafu uliza tena: asubuhi inakuwaje? Kuoga je? Wakati wa kula? Hapo litatokea jambo lenye umbo, kwa mfano: "Siwezi kumwacha hata dakika moja nikamenya ndizi, anaanguka." Hilo ndilo lengo. Liandike kwenye daftari lake kwa maneno ya mama: *ndani ya wiki 8 akae kwenye kigoda chenye mgongo kwa dakika 5 bila kushikwa, mama akimenya ndizi.* Mwambie mama atoe alama kati ya 1 na 10: sasa hivi anaweza kwa kiasi gani, na wewe umeridhika kiasi gani. Mwishoni mwa wiki 8 utauliza tena alama hizohizo.

Sasa mtazame mtoto akijaribu tendo lenyewe, wala usimtazame goti lake. Linavunjikia wapi? Kama miguu inaning'inia, kigoda ni kirefu. Weka ubao chini ya nyayo. Kama nyonga zinateleza mbele, sehemu ya kukalia imeinamia upande wa mbele au ni ndefu kuliko paja lake. Mara nyingi nusu ya tatizo iko kwenye kigoda. Rekebisha, kisha mpe kazi ya mikono akiwa amekaa: kuokota maharage, kupasua maganda ya njegere.

Dozi ya nyumbani si siri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu programu za nyumbani za tiba kwa vitendo, familia zilizofanikiwa kwa wiki 8 zilifanya mazoezi takriban mara 17 kwa mwezi, kama dakika 16 na nusu kila mara. Siku moja fanya, siku moja pumzika, robo saa tu. Mama mwenye duka na watoto wengine watatu anaiweza dozi hiyo. Ukimwandikia mazoezi kumi na mawili mara tatu kwa siku, hatafanya hata moja, na mwezi ujao atakuogopa.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza, malengo matano kwa mpigo. Weka mawili, yasizidi matatu. La pili, lengo kuwa lako: "kuimarisha shina la mwili" si lengo la mtu yeyote nyumbani kwao. La tatu, lengo lisilolingana na ngazi ya mtoto, na hapa tusimame kidogo.

Ngazi tano za uwezo wa mwendo, ambazo Robert Palisano na wenzake wa kituo cha CanChild, Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walizichapisha mwaka 1997, huchukua dakika tano kuzijaza kwa kumtazama mtoto na kumuuliza mzazi. Ngazi ya I anatembea na kupanda ngazi bila kushika, ila kasi na mizani vina kasoro. Ya II anatembea lakini anahitaji reli kwenye ngazi na huchoka safari ndefu. Ya III anatembea kwa kifaa cha kushika mkononi. Ya IV anahitaji kiti mwendo kwa sehemu kubwa. Ya V hawezi kudhibiti kichwa na mwili vizuri na husukumwa kila mahali. Mwaka 2002 Peter Rosenbaum na timu yake walionyesha kuwa watoto hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wanapokaribia miaka 5, na wa ngazi ya V mapema zaidi, kabla ya miaka 3. Maana yake kwa Jumanne yako ni hii: mtoto wa miaka 7 wa ngazi ya V anayebebwa mgongoni kutoka kijijini kila wiki kuja "kufundishwa kusimama" anaibiwa nauli na utoto. Huyo apate kiti kinachomtosha, namna ya kusema ndiyo na hapana, na nafasi ya kukaa na wenzake. Mzazi ambiwe hivyo kwa upole, faragha, na siku hiyohiyo aondoke na hatua ya kufuata mkononi.

Usibadilishe kliniki nzima kwa siku moja. Jumanne ijayo chagua watoto watatu. Ukishazoea, wapange walio katika ngazi moja kwa kundi la watu sita, saa nzima, mazoezi ya kutenda. Akina mama watafundishana vitu ambavyo wewe huvijui, kama namna ya kumkalisha mtoto kwenye daladala iliyojaa.

*Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, Ngaramtoni. Watoto waliochelewa kulia walipozaliwa wanaletwa kupimwa uzito na kuchanjwa, tunawaambia wazazi "subirini, atakomaa". Wengine tunakuja kuwaona tena wana miaka miwili, wamekakamaa. Je, upo uwezekano wa kujua mapema bila mashine?*

Upo, Sista, na swali lako ndilo tungependa lisomwe na kila zahanati. Tangu mwaka 2017 mwongozo wa kimataifa unasema mtindio wa ubongo, au hatari kubwa ya kuupata, unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 5 kwa mtoto mwenye historia ya hatari: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano makali, degedege za siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo.

Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 5, tazama mijongeo yake ya hiari. Katika umri huo mtoto mzima, akiwa macho na ametulia, hucheza mwili mzima kwa mijongeo midogo midogo isiyokatika, shingo, mabega, viganja, vifundo, kila upande. Ikikosekana kabisa, ni ishara nzito. Usomaji wake unahitaji mtu aliyefunzwa, lakini kurekodi unaweza wewe kwa simu: mtoto alale chali, nguo nyepesi, asiwe na njaa, asinyonye, asipewe kitu cha kuchezea, mama asimsemeshe. Simama upande wa miguu, simu juu yake, mwili wote uonekane, dakika 3 hadi 5. Akilia, acha, mjongeo wa mtoto anayelia hausomeki. Omba ruhusa ya mzazi kwanza, na video ikishafika kwa mtaalamu uifute kwenye simu yako.

Kipimo cha pili kinaitwa Hammersmith, cha kukagua mfumo wa fahamu wa mtoto mchanga. Kina vipengele 26, jumla ya alama 78, hufanyika kwa dakika 10 hadi 15 mezani kwako kwa mikono, macho na kitu cha rangi kinachotoa sauti. Kati ya miezi 6 na 12, alama chini ya 73 zinamweka mtoto katika hatari. Chini ya 40 hali huwa nzito. Kwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Hilo husahaulika sana, na mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla huonekana amechelewa kumbe yuko sawa.

Na usipokuwa na kipimo chochote, shika mambo mawili tu: mtoto asiyekaa mwenyewe kwa miezi 9, na mtoto anayetumia mkono mmoja akauacha mwingine kabla ya mwaka mmoja. Huyo wa pili wazazi humsifia kwamba "ni wa mkono wa kushoto". Kabla ya mwaka mmoja mtoto hana mkono anaoupenda; ana mkono unaomshinda. Mpe rufaa siku hiyo. Usisubiri jina la ugonjwa lithibitike ndipo mazoezi yaanze. Mwambie mzazi: "Ana dalili zinazotutia wasiwasi, tunaanza kumsaidia sasa, na tutaendelea kumpima."

*Mwanangu ana miaka mitatu, mkono wa kulia hautumii. Naukanda kwa mafuta kila jioni. Nifanye nini zaidi? — Mama, Majengo, Moshi.*

Mama, kumpaka mafuta kuna raha yake na upendo wake, endelea ukipenda. Ila mkono hautaamka kwa kukandwa. Utaamka kwa kupewa kazi isiyowezekana bila mkono huo.

Kuna njia mbili zenye ushahidi mzuri. Moja ni kuufunika mkono wenye nguvu kwa muda kwa soksi au glavu laini, ili mwingine ulazimike. Hiyo ifanyike kwa mchezo, mbele yako, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo akikuongoza. Usimfunge mtoto kwa nguvu, wala usimwache amefungwa akiwa anatembea, maana akianguka hana cha kujikingia. Nyingine, ambayo unaweza kuianza leo, ni michezo ya mikono miwili: kufungua kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, kubeba sinia, kukamua nguo ndogo, kuchana gazeti, kumenya ndizi iliyoiva, kuvuta zipu huku mkono dhaifu ukishika upindo. Mkono dhaifu si lazima uwe hodari. Kazi yake ni kushikilia.

Wingi ndio unaoleta tofauti. Kwa lengo moja mahususi, tafiti zinaonyesha jumla ya saa 14 hadi 25 za mazoezi. Kwa mkono kuimarika kwa ujumla, saa 30 hadi 40. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inakufikisha saa 20 ndani ya wiki 8. Weka alama ukutani kwa mkaa kila nusu saa inapokamilika.

*Mtoto wetu alizaliwa na miguu kifundo. Alifungwa hogo sita, akakatwa mshipa wa kisigino, sasa ana miezi minne na miguu imenyooka kabisa. Amepewa viatu vyenye chuma katikati. Analia usiku kucha. Mama mkwe anasema amepona, tuvitoe. — Baba, Usa River.*

Baba, mheshimu mama mkwe, ila viatu msivitoe. Njia hii ya Ignacio Ponseti ina nusu mbili. Hogo hunyoosha mguu. Viatu huuzuia usirudi. Familia zinazovivalisha ipasavyo huona mguu ukirudi kwa takriban asilimia 6. Wasiovivalisha ni zaidi ya asilimia 80. Mguu uliorudi huanza na hogo upya, na wakati mwingine upasuaji.

Ratiba ni saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, ile saa moja ni ya kuoga. Baada ya hapo saa 12 hadi 14, yaani usiku na usingizi wa mchana, mpaka afike miaka 4 au 5.

Kuhusu kulia: siku mbili tatu za mwanzo ni mazoea tu. Mfundishe kwamba miguu yote miwili hukunjwa na kunyooshwa pamoja. Shika chuma, sukuma na kuvuta taratibu huku ukimwimbia. Akilia zaidi ya hapo, vua utazame. Wekundu kidogo ni kawaida. Malengelenge au wekundu mkali nyuma ya kisigino maana yake kiatu kimelegea na mguu unateleza. Hapa wazazi wengi hukosea kwa huruma: wanalegeza zaidi, na kidonda kinaongezeka. Mvalishe soksi ya pamba, sukuma kisigino mpaka kikae chini kabisa, kaza mkanda wa katikati kwanza kwa sababu ndio unaokishikilia, kisha mingine. Chora mstari kwenye soli ya ndani mahali vidole vinapoishia. Siku vidole vikiwa nyuma ya mstari, kisigino kimepanda. Usipake mafuta palipo pekundu, ngozi italainika na kuchubuka.

Tazama pia kifaa chenyewe. Chuma kiwe na upana wa mabega ya mtoto. Kiatu cha mguu uliopinda kielekee nje nyuzi 60 hadi 70, na kama mguu mmoja ulikuwa mzima, wake uwe nyuzi 30 hadi 40. Mtoto hukua, kifaa hakikui. Kikimbana, karakana za viungo saidizi zipo; Moshi ndiko kilipo chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo.

Kwa walio bado kwenye hogo: vidole vikianza kuzama ndani, hogo limeteleza. Litoke siku hiyo, msingoje tarehe ya kadi, kwa sababu hogo lililoteleza linaukandamiza mguu mahali pasipo pake.

*Hamjambo wajukuu. Mjukuu wangu wa miaka minne hawezi kukaa wala kutafuna. Nampa mtori na maziwa akiwa amelala mapajani, anapaliwa, na mwaka huu amelazwa kwa nimonia mara mbili. Pia wamesema apigwe picha ya nyonga, wakati tatizo lake ni kula. — Bibi, Marangu.*

Shikamoo, Bibi, na pole kwa kulala wodini.

Nimonia hizo huenda zinatokana na chakula. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa hufunguka na mtori huteremka usikotakiwa. Mkalishe: mgongo umeegemea, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo kama anayetazama kifua chake. Wewe kaa mbele yake, chini kidogo ya macho yake. Kijiko kidogo, nusu tu, kiingie kwa mbele na kukandamiza ulimi kidogo, kisha ungoje ameze ndipo ulete kingine. Usimminye pua, usimmiminie.

Mtori wenyewe ni chakula kizuri, ila nyama na mapande ya ndizi yanayoelea kwenye supu ni mtihani mgumu kwake, kwani mdomo wake unaletewa majimaji na mapande kwa wakati mmoja. Uponde wote, uchuje, uwe mzito wa kung'ang'ania kwenye kijiko. Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe nguvu: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, ongeza na parachichi au karanga zilizosagwa laini. Mlo usizidi nusu saa. Akichoka ndipo hupaliwa. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa. Kikohozi wakati wa kula, macho kutoa machozi, au sauti ya majimaji baada ya kumeza, mwambie daktari, na apimwe uzito kila mwezi.

Na ile picha ya nyonga, Bibi, mpeleke. Nyonga za watoto wasiotembea hutoka kidogo kidogo bila maumivu, mpaka siku moja inakuwa vigumu hata kumbadilisha nguo. Katika ngazi ya V hutokea kwa karibu watoto 9 kati ya 10. Katika ngazi ya I karibu hakuna. Kusini mwa Sweden walianza mwaka 1994 kuwafuatilia watoto wote kwa picha za ratiba, na nyonga zilizochomoka kabisa zikapungua sana.

Kwa wenzetu wa eksirei: magoti yaelekee juu, miguu sambamba, na mto chini ya magoti mgongo ukipinda, la sivyo kipimo kinadanganya. Pima kwa rula upana wa kichwa cha paja, pima sehemu iliyo nje ya mstari wa ukingo wa kikombe, gawanya hiyo ya nje kwa upana wote, zidisha kwa 100. Zaidi ya 30, mwone daktari wa mifupa.

*Mimi ni mganga mfawidhi, Arusha. Wataalamu wangu wamepata mafunzo. Nitajuaje kama kitu kimebadilika? Sina fedha za utafiti.*

Daktari, chukua mafaili 10 ya watoto wenye mtindio wa ubongo waliohudhuria mwezi uliopita, bila kuchagua mazuri. Katika kila moja tafuta vitu vinne: ngazi ya mwendo imeandikwa, lengo limeandikwa kwa maneno ya familia, uzito umeandikwa, tarehe ya picha ya nyonga ipo kwa wale wa ngazi ya III hadi V. Hesabu vilivyopatikana kati ya vilivyopaswa kuwepo, bandika namba ukutani, rudia baada ya miezi 3. Namba ya kwanza ikiwa ndogo msilaumiane. Kwa kawaida kazi ilifanyika lakini haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Hapo ndipo fedha kidogo inasaidia. Chongesha muhuri wa mpira wenye mistari minne hiyo, uwekwe mezani pamoja na kidau cha wino, kando ya mizani, na daftari la mtoto ligongwe kabla hajaingia chumba cha mazoezi. Anayegonga awe yule anayepima uzito, si mtaalamu wa fiziotherapia. Huyo tayari ana watoto ishirini na wawili.